Nguo ya Kuazima: Historia ya Ulinzi wa Kukodi katika Kongo

 

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ndogo. Ni pale serikali inapokodi watu wa nje waje kuishauri, kuwafundisha maaskari wake, au kupigana kwa ajili yake. Wengi wenu mmewaona wageni wa namna hiyo wakipita katika magari yao. Mmoja husema: "Sasa tumepona." Mwingine husema: "Sasa nchi imeuzwa." Tusiharakishe kusema hivi wala vile. Tuangalie kwanza yale yaliyokwisha kutokea kwetu, maana jambo hili lina zaidi ya miaka mia moja katika nchi hii.

Tunapopita katika historia hiyo, tuchukue maswali matatu mkononi. La kwanza: nani analipa, na analipa kwa kitu gani? La pili: walinzi hao wanajibu mbele ya nani wakikosa? La tatu: siku wakiondoka, kitabaki nini?

Tukumbuke pia kwamba wageni hawa si wa namna moja. Yuko mkufunzi aliyetumwa na serikali ya nchi yake kwa mapatano kati ya nchi na nchi. Iko kampuni inayouza mashauri, mafunzo na ulinzi kwa mkataba. Halafu yuko mamluki, ambaye wengi kwetu humwita mersenere, anayepigana vita visivyo vyake kwa sababu ya feza. Kwenye karatasi tofauti zao zinaonekana wazi. Katika vita hupotea upesi: aliyekodiwa afundishe namna ya kutumia silaha, adui akikaribia huombwa aitumie yeye mwenyewe.

Jeshi lenye kichwa cha mgeni

Tuanze na Force Publique, jeshi lililoundwa katika miaka ya 1880, wakati Kongo ilikuwa mali ya mfalme Léopold wa Pili wa Ubelgiji. Maofisa walitoka Ubelgiji na nchi nyingine za Ulaya. Maaskari wa kwanza wengi walitoka mbali, Zanzibar na Afrika ya Magharibi, na baadaye wakaandikwa wenyeji, mara nyingi kwa nguvu. Kazi ya jeshi hilo haikuwa kumlinda mwanakijiji. Ilikuwa kumlazimisha alete mpira na pembe za ndovu. Tangu mwanzo, basi, jeshi lilijibu mbele ya yule aliyelipa, na mlipaji hakuwa raia.

Ubelgiji ilipochukua Kongo mwaka 1908, mambo mengi yalibadilika, lakini kichwa cha jeshi kilibaki cha mgeni. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, jeshi lilikuwa na maofisa karibu 1,000, na wote walikuwa Wabelgiji. Mkongomani hakuweza kupita cheo cha ajida. Siku chache baada ya sherehe, Jenerali Émile Janssens aliandika ubaoni mbele ya maaskari kwamba kabla ya uhuru ni sawasawa na baada ya uhuru. Maaskari waliasi, kwanza Léopoldville na Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu. Katika siku chache fujo ilienea nchini.

Ona, ndugu msikilizaji. Washauri na wakubwa wa kigeni walikuwako kwa zaidi ya miaka sabini, lakini hawakuacha hata ofisa mmoja mwenyeji. Swali letu la tatu, kitabaki nini, lilipata jibu lake katika wiki moja.

Katanga, Kisangani na Bukavu

Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Serikali yake ilipata feza kutokana na madini, hasa kodi za kampuni ya Union Minière, na kwa feza hizo ikaweka maofisa wa Kibelgiji, kisha mamluki kutoka Ulaya na kusini mwa Afrika. Tarehe 21 Februari 1961 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilitaka maaskari wa kigeni wasio wa Umoja wa Mataifa, washauri wa siasa na mamluki waondolewe Kongo. Haikuwa kazi rahisi. Ilihitaji mapigano mpaka Januari 1963 ndipo Katanga irudi.

Mwaka uliofuata mambo yakageuka kwa namna ya ajabu. Uasi wa Simba ulishika sehemu kubwa ya mashariki, na Tshombe yuleyule akaitwa Léopoldville kuwa waziri mkuu. Naye akawaita mamluki tena, safari hii kwa jina la serikali ya nchi nzima. Mike Hoare, aliyetoka Afrika Kusini, aliongoza komando ya tano. Tarehe 24 Novemba 1964 maaskari wa miavuli wa Ubelgiji, waliobebwa na ndege za Marekani, walishuka Stanleyville, yaani Kisangani, na safu ya jeshi la Kongo pamoja na mamluki ikaingia mji huo. Serikali ilipata ushindi iliotaka. Lakini mamluki walipora nyumba na mabenki, na raia wengi waliuawa na pande zote mbili. Mamluki hakuletwa mbele ya baraza lolote la wenyeji kueleza alichofanya.

Sasa tufike Bukavu. Mobutu alikuwa amechukua utawala tarehe 24 Novemba 1965, na mamluki walikuwa bado katika jeshi. Mmoja wao alikuwa Jean Schramme, Mbelgiji aliyekuwa na mashamba Kongo, akiongoza komando ya kumi. Mwezi wa Julai 1967, walipoona kwamba serikali inataka kuwaondoa, mamluki waliigeuzia serikali bunduki zilezile ilizowapa. Mapigano yalianza Kisangani, na mwezi wa Agosti Schramme akashika Bukavu pamoja na maaskari Wakatanga. Waliukalia mji mpaka mwanzo wa Novemba. Watu walikimbia, mapigano yaliharibu nyumba, na shughuli za mji zilisimama.

Na mwisho wake? Mamluki zaidi ya mia moja walivuka Rusizi, wakanyang'anywa silaha Rwanda, na mwaka 1968 ndege zikawarudisha Ulaya. Wakatanga waliowafuata walirudishwa Kongo, mikononi mwa serikali waliyoiasi. Wenyeji wa Bukavu walirudi kutafuta yaliyobaki ya nyumba zao. Wote walikuwa katika vita vimoja, lakini mlango wa kutokea haukuwa mmoja.

Ni kwa sababu hiyo wakuu wa nchi za Afrika, walipokutana Kinshasa Septemba 1967, walidai mamluki waondoke katika bara hili. Mwaka 1977, huko Libreville, Umoja wa Afrika wa wakati ule ukaandika mapatano ya kukataza kazi ya mamluki. Umoja wa Mataifa nao ulipitisha mapatano yake tarehe 4 Desemba 1989. Sheria hizi zina uzito wa Kongo ndani yake.

Walimu wengi, mshahara hakuna

Mtu anaweza kusema: kosa lilikuwa kutumia mamluki, basi tuwaite walimu wa kweli. Zaire ilifanya hivyo. Divisheni ya Kamanyola ilifundishwa na Wakorea wa Kaskazini. Brigedi ya 31 ya miavuli ilifundishwa na Wafaransa. Ulinzi wa rais, DSP, ulifundishwa na Waisraeli. Wabelgiji nao walikuwa na brigedi yao. Kila mwalimu alileta silaha zake, amri zake na desturi zake. Serikali haikupata jeshi moja. Ilipata makundi mengi yaliyoangaliana kwa wivu, na hilo lilimfaa mtawala aliyeogopa jeshi kuliko alivyomwogopa adui.

Halafu mshahara ukakauka. Mwezi wa Septemba 1991 maaskari wa Brigedi ya 31 waliasi huko Ndjili kwa sababu ya malipo, na uporaji ukaenea Kinshasa na miji mingine. Januari 1993 maaskari walilipwa kwa noti mpya ya zaire 5,000,000, wauza duka wakaikataa, na uporaji ukarudi. Walioanza mwaka 1991 hawakukosa mafunzo. Walifundishwa vizuri na walimu mashuhuri. Walichokosa ni mshahara unaonunua chakula, na mkubwa anayeogopa sheria.

Hapa tuseme pia jambo moja jema, maana historia si lawama tu. Mwaka 1994 zaidi ya wakimbizi milioni moja kutoka Rwanda waliingia Zaire, wengi wao upande wa Goma, na makambi yakawa chini ya watu wenye silaha. Tangu Februari 1995 shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, HCR, liliwalipa maaskari 1,500 wa Zaire walinde makambi, nao washauri kutoka nchi nyingine walikuwa kando yao wakiwaangalia. Walikuwa maaskari wa jeshi lilelile lililopora. Lakini walilipwa kwa wakati, walikuwa na kazi iliyoandikwa, na mtu alikuwa akiwatazama. Wizi na mauaji ndani ya makambi vilipungua.

Hata hivyo kazi yao ilikuwa na mpaka wake. Hawakupewa amri ya kuwatenga wenye silaha na wakimbizi wa kweli, na hakuna nchi iliyokubali kutuma jeshi la kufanya kazi hiyo. Mwaka 1996 vita vilikuja mpaka makambini. Kwa hiyo tujifunze mawili pamoja: askari anayelipwa na kuangaliwa anaweza kubadilika, na hakuna mshauri anayeweza kuponya jambo ambalo wenye siasa wamekataa kuligusa.

Kisangani tena, na Sierra Leone

Vita vilipomkaribia Mobutu mwishoni mwa 1996, alirudia njia ya 1964. Waliletwa mamluki Wafaransa, Waserbia na wengine, wakawekwa Kisangani. Waliwatesa raia waliowashuku, walirusha mabomu kwa ndege, na jeshi la AFDL lilipofika walikimbia. Mji ulianguka tarehe 15 Machi 1997. Miezi miwili baadaye, tarehe 17 Mei, Kinshasa nayo ilikuwa imechukuliwa.

Lakini wako wanaosema kwamba ulinzi wa kukodi ulifaulu mahali pengine, nao hutaja Sierra Leone. Tuwasikilize. Mwaka 1995 serikali ya nchi ile ilikodi kampuni ya Executive Outcomes ya Afrika Kusini. Watu wake mia chache waliwasukuma waasi mbali na mji mkuu wa Freetown, wakawatoa katika machimbo ya almasi ya Kono, na mwanzo wa 1996 watu waliweza kupiga kura. Hilo ni kweli, na wenyeji wengi walifurahi.

Sasa tuulize maswali yetu. Nani alilipa? Nchi maskini ilifunga mkataba wa karibu dola milioni 35 kwa miezi 21, na ilishindwa kumaliza deni. Kilibaki nini? Kampuni iliondoka Januari 1997. Tarehe 25 Mei mwaka uleule jeshi la nchi, ambalo halikutengenezwa, liliipindua serikali iliyochaguliwa. Januari 1999 waasi waliingia Freetown na kuua watu wengi. Vita viliisha mwaka 2002 tu, baada ya jeshi kubwa la Umoja wa Mataifa na Waingereza kuingia, na baada ya kazi ya miaka ya kujenga upya jeshi na polisi. Ulinzi wa kukodi ulinunua muda. Muda huo haukutumiwa kutengeneza nyumba.

Mshauri wa kuhesabu feza

Baada ya mapatano ya amani ya 2003 Kongo ilipokea washauri wengi wapya. Kazi moja yafaa kujulikana na kila shefu. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulituma ujumbe ulioitwa EUSEC. Washauri hao hawakuja kupigana. Walitazama njia ya mshahara: feza inatoka Kinshasa, inapita kwa mkubwa wa jeshi, inafika kwa askari pungufu au haifiki kabisa. Walisaidia kutenga mkono unaoamuru na mkono unaolipa, wakawahesabu maaskari na kuwapa karatasi. Ikaonekana kwamba katika orodha mlikuwa na maaskari wengi wa jina tu, ambao mishahara yao ililiwa na wengine. Kazi hiyo haikumaliza wizi. Lakini ilifika kwenye mzizi: askari asiyelipwa atajilipa mwenyewe katika shamba lako.

Linganisha na jambo la Minova. Mwaka 2010 wakufunzi wa Marekani walifundisha batalioni moja ya FARDC huko Kisangani, na katika masomo yalikuwamo ya haki za raia. Novemba 2012 Goma ilipochukuliwa na M23, maaskari wa serikali walirudi nyuma mpaka Minova bila utaratibu. Umoja wa Mataifa uliandika kwamba wamama 102 na wasichana 33, kwa uchache, walitendewa ubaya wa ngono na maaskari huko na kandokando, na batalioni ile ilitajwa kati ya zilizohusika. Kesi ilifanyika, watu 39 wakashitakiwa, lakini hukumu ya Mei 2014 iliwapata wawili tu na hatia ya ubakaji. Mafunzo mazuri hayamlindi raia ikiwa askari ana njaa, mkubwa wake amekimbia, na baraza halina nguvu.

Goma 2025

Mwishoni mwa 2022 serikali ya Kongo ilianza kutumia kampuni za kigeni katika vita vya Kivu ya Kaskazini. Wengi wa watu waliokuja walikuwa Waromania. Kwa jina la kazi walikuwa wakufunzi na wasaidizi, lakini walionekana pia katika ngome za kulinda Goma na Sake. Waandishi wa habari walionyesha mikataba ya mshahara wa karibu dola 5,000 kwa mwezi, wakati askari wa kawaida wa Kongo alipata karibu dola 100, na pengine hakupata kitu. Fikiri ndugu, moyo wa askari huyo unakuwaje akisimama katika shimo moja na mwenzake anayelipwa mara hamsini?

Mwisho wa Januari 2025 M23 iliingia Goma. Wageni hao walitafuta kimbilio kwa jeshi la Umoja wa Mataifa, na tarehe 29 Januari zaidi ya 280 walivushwa mpaka kwenda Rwanda ili warudi kwao. Wiki chache baadaye familia zilizokuwa katika makambi ya Bulengo na Lushagala zilikuwa zikifunga vitu vyao tena. Mwaka 1967 na mwaka 2025 mgeni alivuka mpaka uleule wa Rwanda, na mwenyeji akabaki na mzigo uleule kichwani.

Hatusemi haya kumtukana mgeni, wala kuisifu pande yoyote ya vita. Wazee walisema: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ni maneno ya kumkaribisha mgeni, na pia ni kipimo chake. Walisema tena: "Nguo ya kuazima haisitiri maungo." Serikali inaweza kuazima nguo siku ya baridi. Ikikaa miaka sitini bila kushona yake, siku mwenye nguo akija kuichukua, watoto wa nyumba hubaki uchi.

Ninyi mnaweza kufanya nini?

Mnaweza kusema: mikataba hii hufungwa mbali, katika ofisi ambazo hatuzijui. Ni kweli. Hata hivyo yako mambo yaliyo karibu nanyi.

Kwanza, mashefu na viongozi, katika mikutano ya usalama ulizeni kwa heshima na bila kuchoka: maaskari na polisi walio hapa wamelipwa lini? Wanakula wapi? Swali hilo halimshitaki askari. Linamtetea, na linawatetea watu wenu pamoja naye.

Pili, ikiwa mlinzi wa kukodi anafanya kazi katika eneo lenu, ulizeni anahukumiwa wapi akimkosea raia. Askari wa Kongo yuko chini ya baraza la kijeshi, na mlango wa oditora wa kijeshi unajulikana. Kwa mgeni, jibu lazima liwe limeandikwa kabla hajaanza kazi, si baada ya maiti kulala chini.

Tatu, jueni sheria. Katiba ya 2006 inasema jeshi liko chini ya utawala wa raia, na kifungu cha 190 kinakataza mtu yeyote kuunda vikundi vya kijeshi au wanamgambo wa binafsi. Sheria ya 2011 juu ya polisi inasema polisi ni kazi ya kiraia inayopaswa kuwasikiliza watu. Someni maneno haya kwa sauti katika baraza zenu, hata mbele ya wasiojua kusoma.

Nne, ninyi wazazi mliohama, wafundisheni watoto kwamba kazi ya askari ni kazi ya heshima. Mkikata tamaa kabisa na jeshi la nchi, kijana atamfuata yeyote mwenye bunduki na sahani ya chakula. Mpaka leo tumepitia wakubwa wa kigeni, mamluki, walimu wa mataifa mengi na makampuni. Jambo ambalo bado halijajaribiwa mpaka mwisho ni lile rahisi kulisema: askari mwenyeji, anayelipwa kila mwezi, anayeogopa hakimu, na anayejulikana kwa jina katika kijiji anachokilinda.

Zungumzeni juu ya maneno haya jioni ya leo, katika jamaa zenu na katika kamati za kambi. Asiyekubaliana naye apewe nafasi ya kusema.